Kipima mvua cha plastiki: kipi ununue kabla ya mvua za Novemba

Kwenye maduka mengi ya pembejeo kipima mvua hukaa pembeni, nyuma ya mabomba ya kupulizia dawa, na muuzaji hukitaja mteja akikiulizia tu. Kwa mkulima wa mahindi wa mikoa ya msimu mmoja wa mvua (Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Ruvuma, Dodoma, Singida, Tabora na majirani zao) hicho ndicho kifaa kinachostahili kununuliwa kabla ya mbegu. Hapa tunazipima aina nne: kibomba chembamba, kabari, faneli yenye mirija miwili, na cha kidijitali. Hukumu naitoa mapema ili mwenye haraka asisumbuke: nunua kabari yenye alama zilizochongwa kwenye plastiki yenyewe, inayopokea angalau milimita 100, na uifunge kwenye nguzo kabla Oktoba haijaisha.

Kwanza tuone kinapimia nini, maana bila hilo hata kizuri kitabaki pambo la uani.

Jua hupita utosini mwa mikoa hii ndani ya mwezi wa Oktoba likielekea kusini, na ukanda wa mvua hulifuata kwa kuchelewa wiki kadhaa. Ndiyo mwanzo wa majira ya joto ya upande huu wa dunia. Udongo umepigwa na jua tangu Mei au Juni, hewa bado kavu, na siku moja ya jua kali la Novemba inaweza kuvuta milimita 5 hadi 6 za maji. Kwa hiyo mvua ya milimita 15 iliyoshangiliwa na kijiji kizima Jumatatu, ikifika Ijumaa zile sentimita tano za juu, pale mbegu inapolala, zimeshakauka.

Mbegu ya mahindi huanza kuota ikishanyonya maji yanayofikia kama asilimia 30 ya uzito wake. Iliyo kwenye udongo mkavu kabisa hukaa ikisubiri, mradi panya, mchwa na kanga wameiacha. Iliyo kwenye udongo uliolowa barabara huchomoza ndani ya siku tano hadi saba, kwa joto la miezi hiyo. Hasara iko katikati: mbegu imenyonya, imevimba, kimzizi kimetoka, halafu unyevu unakatika. Hiyo hairudi nyuma. Kinachofuata ni kununua tena kilo 8 hadi 10 za mbegu kwa kila ekari, kulipa vibarua mara ya pili, na kukuta mbolea ya kupandia imeshazikwa chini ya mistari isiyo na kitu.

Na hapa ndipo masikio na macho hudanganya. Radi, upepo, bati linapiga kelele, maji yanakimbia barabarani, kila mtu anasema imenyesha kweli. Kipimo kinasoma 9. Usiku mwingine mvua tulivu inanyesha saa nne bila mtu kuamka, na asubuhi kinasoma 27. Mvua za Novemba hasa ni za mawingu ya radi: linaweza kumwagika bondeni likaruka mtaa wa pili. Taarifa ya kituo kilicho kilomita 40 kutoka kwako, au ya programu ya simu inayokadiria kwa setilaiti juu ya eneo la kilomita kadhaa za mraba, haiwezi kujua lililotokea kwenye ekari zako mbili.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Ekari ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo milimita 25 ni lita laki moja na ushee, sawa na maboza 20 ya lita 5,000. Zikiingia zote kwenye udongo mkavu, hizo 25 hulowesha kichanga hadi kama sentimita 30, tifutifu sentimita 15 hadi 20, na mfinyanzi sentimita 10 hadi 12. Kumbuka tarakimu hizo. Zitarudi tunapofika kwenye kupanda.

Sasa vifaa vyenyewe.

Kibomba chembamba, kile kinachofanana na mrija wa maabara juu ya kijiti cha chuma, hakifai kwa uamuzi wa shamba. Mdomo wake una upana wa sentimita mbili hadi tatu. Tone moja likigonga ukingo na kurukia nje, au upepo ukiyapitisha matone pembeni, kosa linakuwa kubwa ukilinganisha na kiasi kilichoingia. Vingi hujaa kwenye milimita 35 au 40, na mvua moja nzito hupita hapo. Baadhi vina alama za inchi peke yake (inchi moja ni milimita 25.4), na rangi ya alama imepakwa juu tu. Kwa bustani ya maua sawa.

Kabari ni pana juu na nyembamba chini, imebanwa kama kabari ya kupasulia kuni. Ubora wake uko kwenye umbo hilo. Chini, ambako ni pembamba, milimita moja huchukua nafasi ndefu, kwa hiyo 1, 2 na 3 zinasomeka wazi. Juu, alama zinabanana, lakini kwenye 60 huna haja ya kujua kama ni 60 au 61. Mdomo wake ni mpana wa kutosha kupunguza makosa ya matone, hakina kipande kinachocheza, na mtoto wa darasa la nne anakisoma. Kizuri kina plastiki nene inayong'aa, alama zilizochongwa au kuinuliwa, ukingo mkali wa mdomo, na kishikio chenye tundu mbili za skrubu ambacho kipimo huchomolewa kwa kuinuliwa juu, ili kumwaga maji kusilazimu kufungua skrubu.

Usikiamini kwa sura. Kijaribu siku hiyo hiyo kwa bomba la sindano la mililita 20 na rula. Pima urefu na upana wa mdomo kwa ndani, kwa sentimita, zidisha, kisha gawanya kwa 10: jibu ni mililita zinazotakiwa kwa kila milimita ya mvua. Mdomo wa 6 kwa 6 una sentimita za mraba 36, kwa hiyo milimita moja ni mililita 3.6. Mimina mililita 36: kinatakiwa kisome 10. Ongeza hadi 90: kinatakiwa kisome 25. Kikisoma 24 au 26 nunua bila wasiwasi. Kikisoma 20 au 30, kirudishe, kwa sababu mchongaji alinakili alama za kipimo cha mdomo mwingine. Kosa hilo lipo kwenye vile vya bei ya chee, na halionekani kwa macho. Muuzaji akikukatalia kukijaribu, nenda duka la pili.

Faneli yenye mirija miwili ndiyo sahihi kuliko zote za mkono. Mdomo wa duara hupokea mvua na kuiingiza kwenye mrija wa ndani ambao ni mwembamba mara kumi kwa eneo, kwa hiyo milimita moja huonekana kama sentimita moja nzima. Mrija wa ndani ukijaa, maji humwagikia kwenye mtungi wa nje, na baadaye unayapima kwa kuyarudisha mrijani kidogo kidogo. Faneli pia huzuia maji yasipae na jua kabla hujayasoma, jambo ambalo kabari haliwezi. Kasoro zake ni mbili. Jani moja, au buibui aliyejenga kwenye koo la faneli, huzuia maji yote, na usipochungulia utaandika sifuri siku ya milimita 20. Nyingine ni ya mtumiaji: husoma mrija wa ndani, akasahau wa nje. Kwa kikundi cha wakulima, shule au afisa ugani anayetaka kumbukumbu za miaka, chukua hii. Kwa ekari tatu za mahindi ni usahihi unaozidi haja.

Cha kidijitali kina kijiko pacha ndani kinachopinduka kila kikijaa, kwa kawaida kila milimita 0.2 au 0.3, na kutuma hesabu ndani ya nyumba bila waya. Kinakuambia hata saa mvua ilipoanza. Lakini vumbi la Oktoba huganda kwenye kijiko, sisimizi huhamia ndani, betri huisha katikati ya Januari, na kwenye mvua ya kumwaga kijiko hakiwahi, kwa hiyo husoma pungufu. Mtu akikununulia zawadi kipokee, ila kifunge kando ya kabari na uwe unavilinganisha.

Asiye na duka karibu anaweza kujitengenezea. Kata chupa ya plastiki mahali ambapo pande zimenyooka, geuza kipande cha juu kiwe faneli, kisha upime kipenyo cha mdomo. Mdomo wa sentimita 9 una eneo la sentimita za mraba 63.6, kwa hiyo kila mililita 6.4 ni milimita moja. Ukipata faneli ya jikoni yenye mdomo wa sentimita 11.3, umepata bahati: eneo lake ni kama 100, na kila mililita 10 kwenye bomba la sindano ni milimita moja ya mvua. Hakuna hesabu tena. Kopo la maziwa lenye pande zilizonyooka na rula ndani hufaa pia, mradi kitako hakijabonyea na maji yanasomwa mapema kabla jua halijayanywa.

Kufunga

Vipimo vingi vizuri huharibiwa na mahali vilipofungwa. Kanuni ya msingi: umbali kutoka kwenye mti, nyumba au ghala uwe angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Mwembe wa mita 8, kaa mita 16 mbali nao. Ukiweza mara nne, bora zaidi. Mahindi yenyewe yatakua, kwa hiyo usifunge katikati ya mistari ambayo Februari itakuwa na mita mbili na nusu. Mdomo uwe kati ya nusu mita na mita moja na nusu kutoka ardhini: chini ya hapo matope huruka ndani, juu ya hapo upepo huyasukuma matone yapite.

Kata kichwa cha nguzo kwa mshazari, upande wa juu uwe ule wa kipimo, na mdomo wa kipimo uzidi kichwa cha nguzo kwa sentimita 5 au zaidi. Nguzo yenye kichwa bapa hurusha matone kuingia kipimoni, na kwenye mvua kubwa ziada hiyo huonekana. Tumia pimamaji kuhakikisha mdomo umelala sawa. Kikiinama, mstari wa maji hukata alama kwa mshazari na kila msomaji atatoa jibu lake. Skrubu zikazwe kwa mkono tu. Plastiki iliyobanwa sana hupasuka kwenye tundu mwezi wa kwanza wa jua. Mbuzi pia wapo. Zungushia miiba, lakini ifike chini ya mdomo.

Soma saa tatu asubuhi kila siku, saa ile ile wanayosoma vituo vya hali ya hewa nchini, ili takwimu zako zilinganike na za kituo. Jicho liwe sawa na maji, na usome chini ya mbonyeo, siyo pembeni ambako maji hupanda ukutani. Mwaga, rudisha, andika. Siku isiyo na mvua andika 0. Nafasi tupu daftarini baada ya mwezi haikwambii kama haikunyesha au hukwenda kusoma. Jumlisha kila siku kumi, yaani kwa dekadi, kwa sababu taarifa za hali ya hewa kwa kilimo hutolewa hivyo pia.

Kinachosema kipimo na kinachosema utabiri

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za Msimu, Novemba hadi Aprili, mwishoni mwa Oktoba. Ni huduma nzuri na ya bure, na tatizo kubwa liko kwenye jinsi inavyosomwa. "Wastani" kwenye taarifa ile ni kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu. Mahali penye wastani wa milimita 600, milimita 450 na milimita 750 zote zimo ndani ya neno hilo moja, na mahindi yanahitaji 500 hadi 800 kwa msimu. Kwa hiyo "wastani hadi juu ya wastani" isikupe mbegu ya muda mrefu Dodoma. Tarehe ya kuanza nayo hutolewa kwa wiki na kwa eneo pana. Ni ya kukuambia lini uwe na mbegu nyumbani, siyo lini uifukie. Tena taarifa ya El Niño ya Tanga isichukuliwe kama ya Ruvuma. El Niño mara nyingi huongeza mvua za vuli kaskazini na pwani ya kaskazini, huku ikileta ukame kusini mwa Afrika, na mikoa ya kusini ya Tanzania imekaa mpakani mwa hayo mawili.

Kigezo kinachotumiwa sana na wafuatiliaji wa ukame kutambua mwanzo wa msimu ni milimita 25 katika dekadi moja, kisha angalau 20 kwa jumla katika dekadi mbili zinazofuata. Nusu ya kwanza kipimo chako kinakupa. Nusu ya pili haipo mkononi mwa mtu siku ya kupanda, na kwa hiyo unakwenda kwenye utabiri wa siku kumi. Vifaa viwili hivi havigombani: kimoja kinahesabu kilichomo ardhini, kingine kinakadiria kinachokuja.

Kwa vitendo, kwenye tifutifu: jumla ya siku tatu ikifika 25 hadi 30, chimba kwa jembe hadi sentimita 15. Finyanga udongo wa chini; ukishikana bila kutoa maji na bila kumomonyoka, na utabiri unaonesha mvua ndani ya wiki, panda kwa kina cha sentimita 3 hadi 5. Kwenye kichanga udongo hulowa kwa kina haraka lakini hauhifadhi, basi hakikisha utabiri upo upande wako na zika hadi 5 au 7. Kwenye mfinyanzi wa mbuga 25 haitoshi, imelowesha gamba tu. Subiri 40 na zaidi, ila usingoje hadi jembe linate. Kama jumla ni 12 na majirani wameanza, waache. Anayetaka kupanda kwenye vumbi apande kwenye vumbi kweli, kabla ya mvua yoyote, kwa mbegu iliyopakwa dawa, na kwenye kichanga au tifutifu pekee. Mbegu kavu kwenye udongo mkavu ni mpango. Mbegu kavu kwenye udongo wenye milimita 12 ni kamari.

Mbolea ya kupandia, DAP mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari ndivyo wengi wanavyoweka, isigusane na mbegu. Acha sentimita 5 pembeni na chini kidogo. Unyevu ukiwa mdogo, chumvi ya mbolea hunyang'anya mbegu maji, na mashimo hubaki matupu hata mvua ilipokuwa ya kuridhisha. Wengi huishia kulaumu mbegu.

Siku moja au mbili baada ya kupanda kipimo kikisoma 40 ya mvua ya kumwaga, kisha jua kali likafuata, kagua gamba. Udongo wenye vumbi laini hufunga juu kama sakafu, na mche hukunjuka majani chini kwa chini. Likwaruze gamba kijuujuu kwa reki au matawi ya miiba kabla ya siku ya saba.

Miche ikishatoka, hesabu. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mita 5.4 za mstari ni sehemu moja ya elfu ya ekari na zinatakiwa ziwe na miche 18. Hesabu sehemu sita au zaidi. Wastani ukiwa 14 na iliyosimama imetawanyika vizuri, acha. Mahindi hufidia kidogo. Mapengo ya mashimo matatu mfululizo, rudishia ndani ya siku saba hadi kumi tangu kuchomoza, kwa mbegu ile ile au ya muda mfupi zaidi. Baada ya hapo mche wa kurudishia hukulia kivulini, unakula mbolea na haubebi. Wastani ukiwa chini ya 10, na utabiri unaonesha dekadi inayofuata ina maji, pandia upya kipande kizima. Mvua ya mawe kwenye mahindi yenye majani chini ya matano au sita isikutie hofu ukang'oa shamba: kichomozi, pale majani mapya yanapoanzia, bado kiko chini ya udongo, subiri siku tano uone jani jipya.

Maji yakituama ni habari nyingine. Kwa joto la Desemba, mahindi machanga yaliyofunikwa na maji hayana zaidi ya saa 48 hivi. Kipimo kikisoma 70 au 80 asubuhi, usiende sokoni. Nenda sehemu ya bondeni na jembe, ufungue mifereji.

Mbolea ya kukuzia ndipo kipimo kinaporudisha fedha kwa haraka kuliko mahali pengine. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Ukimwaga juu ya udongo wenye unyevu kidogo na kuuacha wazi, chembe huyeyuka, hugeuka amonia, na jua huipeleka angani. Mvua mbaya kuliko zote kwa urea ni ile ya milimita 2 hadi 4: inatosha kuyeyusha, haitoshi kushusha. Milimita 10 hadi 15 ndani ya siku mbili huizamisha salama. Kama utabiri hauoneshi hivyo, fukia sentimita 5 pembeni mwa mche, au tumia mbolea ya CAN, ambayo haipotei hewani kwa kiasi hicho. Kwenye kichanga, dekadi iliyozidi milimita 80 baada ya kuweka huishusha nitrojeni chini ya mizizi. Ndiyo maana huko nusu huwekwa mahindi yakiwa na majani sita na nusu nyingine wiki mbili au tatu baadaye. Ukiona majani ya chini yanaanza njano kutoka ncha kuelekea katikati, fungua daftari kabla hujafungua pochi.

Viwavijeshi vamizi, waliothibitishwa nchini mwaka 2017, nao wana uhusiano na kipimo. Mvua nzito huwazamisha wadogo ndani ya moyo wa mhindi; wiki kavu huwaacha wastawi. Baada ya siku saba za sifuri kagua sehemu tano kwa mstari wa zigizaga, mimea 20 kila sehemu. Mimea iliyoshambuliwa ikifika 20 kwa 100 wakati mahindi bado machanga, piga dawa, jioni, ukizingatia saa ambazo kibandiko kinataka zipite bila mvua.

Mwisho wa Desemba jumlisha dekadi zote. Singida na Dodoma, kama hadi hapo haijapatikana dekadi hata moja ya 25, mahindi ya muda mrefu hayana hesabu tena. Situka (mahindi ya muda mfupi), mtama, uwele, kunde na alizeti ndivyo vya kufikiria. Nyanda za juu zenye mvua ndefu, mbegu ya mahindi ya muda mrefu UH 6303 bado ina nafasi ukichelewa kidogo, lakini kila wiki inayosogea huisukuma ichanue viwavi wakiwa wengi na mvua ikielekea kukatika.

Kwenye uimara, kabari hudumu misimu mitatu hadi mitano ikitunzwa. Adui ni jua: plastiki huwa ya njano, kisha hupasuka kwenye mshono wa chini, mahali ambapo hulioni tone likivuja. Kijaze maji hadi 20 jioni moja kila mwezi, ukifunike mdomo, na usome asubuhi. Ukijani wa ndani utoe kwa sabuni na brashi ya chupa. Mchanga hukwaruza, na mikwaruzo ikizidi maji hayaonekani. Mvua zikikatika Mei kichomoe ukiweke ndani, hasa Njombe na Makete, ambako baridi ya Juni na Julai inaweza kugandisha maji na barafu ikapasua kitako.